Je, Wajua? Gazeti la Jana Ndani ya Ukuta wa Tofali

Je, wajua kwamba gazeti lililokwisha kusomwa linaweza kukaa ndani ya ukuta wa matofali miaka mingi, likizuia baridi isiingie na joto lisitoke? Hulowekwa, husagwa mpaka liwe uji, huchanganywa na saruji na pengine mchanga au udongo, kisha huanikwa. Kitu hicho Wamarekani hukiita pepakriti. Sisi hapa tutakiita zege la karatasi.

Je, wajua kwamba kinachozuia joto hapo si karatasi yenyewe? Ni hewa. Uji ule ukikauka, nyuzi za karatasi hushikana ovyo ovyo na kuacha kati yao vijitundu vidogo mno, na ndani ya kila kijitundu hewa imetulia, haina pa kwenda. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana: wati 0.025 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Tofali la kuchoma ni kama 0.7. Zege zito la kawaida ni 1.5 na zaidi. Zege la karatasi lililokauka sawasawa huwa kati ya 0.05 na 0.07, maana yake joto hupenya humo kwa taabu mara kumi hivi kuliko kwenye tofali.

Na maji? Maji ni 0.6, yaani mara 24 ya hewa. Vijitundu vile vikijaa maji, ukuta hauna tena kizuia joto, una sweta lililolowa. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko mengine yote katika safu hii, na ndiyo maana nitalirudia bila kuchoka: karatasi ndani ya ukuta ni nzuri kadiri ukuta ule ulivyo mkavu.

Je, wajua kuna nyumba nzima ya magazeti mjini Rockport, jimbo la Massachusetts, na bado imesimama? Aliyeijenga ni Elis Stenman, mhandisi aliyekuwa akibuni mashine za kutengenezea vibanio vya karatasi. Alianza 1922. Mifupa ya nyumba, sakafu na paa ni vya mbao kama nyumba nyingine za huko, lakini kuta alizibandika magazeti, tabaka juu ya tabaka, zipatazo 215, mpaka zikafikia unene wa sentimita 2.5 hivi. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga, maji na maganda ya tufaha. Nia yake ya mwanzo ilikuwa kuzuia baridi tu: magazeti yakae ndani, nje aje kuzifunika kuta kwa mbao. Mbao hizo hazikuwekwa kamwe. Ukuta ukapakwa vanishi ukaachwa hivyo, naye akaendelea na samani. Kuna saa kubwa iliyotengenezwa kwa magazeti ya miji mikuu ya majimbo 48 ya Marekani ya wakati ule, na dawati lililosokotwa kwa magazeti yenye habari za safari ya Charles Lindbergh ya kuruka Atlantiki. Ukisogea karibu, maandishi bado yanasomeka. Magazeti yote kwa jumla hukadiriwa kufika 100,000.

Nyumba ile haina saruji ndani ya kuta zake, kwa hiyo si zege la karatasi. Lakini inaonyesha kwa macho kwamba karatasi iliyolindwa na mvua haiozi haraka kama wengi wanavyodhani.

Mchanganyiko wa karatasi na saruji ulisajiliwa kwa hataza mara ya kwanza 1928. Ukasahaulika. Uliporudi, kuanzia miaka ya 1980, ulirudi kupitia mikono ya watu wawili ambao kila mmoja aliugundua kivyake. Eric Patterson alikuwa mpiga chapa katika mji wa Silver City, jimbo la New Mexico, mtu ambaye kazi yake ilimwachia marundo ya karatasi yasiyo na mnunuzi. Mwingine ni Mike McCain, aliyejenga huko Crestone, Colorado.

Je, wajua jinsi McCain alivyotatua tatizo la kusaga karatasi pasipo umeme? Alichukua ekseli ya nyuma ya gari kuukuu, akaigeuza ili pale propela shafti inapoingilia kwenye difu patazame juu. Juu yake akafunga pipa pana la kunyweshea mifugo, na kwenye ncha iliyochomoza ndani ya pipa akafunga kisu cha mashine ya kukatia nyasi. Ukilijaza pipa maji na magazeti na saruji, ukalifunga nyuma ya gari na kuondoka, magurudumu yanapozunguka kisu nacho kinazunguka. Mwendo wa kilomita chache kwenye barabara ya vumbi, unarudi na uji uliokwisha kuiva. Hakuna mota, hakuna swichi. Kati ya vifaa vyote vya ujenzi nilivyowahi kusoma habari zake, hiki ni kati ya vile ninavyoviheshimu zaidi, kwa sababu fundi yeyote wa gereji anaweza kukielewa kwa kukitazama mara moja.

Kipimo cha pipa moja kinachotajwa sana na wajenzi wa kusini-magharibi mwa Marekani ni hiki: maji lita 605, karatasi kilo 27, mfuko mmoja wa saruji wa kwao, ambao ni kilo 43 hivi, na mchanga kilo 29.

Isome tena hesabu hiyo. Saruji ina uzito kuliko karatasi. Wanaolisifu zege hili kuwa ni "karatasi tupu" hawajaupima mfuko. Na sekta ya saruji duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, zaidi ya nusu yake ikitoka kwenye chokaa yenyewe inapochomwa tanuruni, si kwenye makaa ya kuichomea. Kipimo kile ni cha kujengea kuta zenyewe. Kizuia joto kinachokaa katikati ya kuta mbili za matofali hakibebi chochote zaidi ya uzito wake, hivyo saruji inaweza kupunguzwa sana, au ikaachwa kabisa na mahali pake pakashikwa na udongo wa mfinyanzi au chokaa. Kila kilo ya saruji unayoitoa huongeza wepesi na huongeza uwezo wa kuzuia joto. Lakini pia inapunguza kinga dhidi ya moto na kuvu, na hapo ndipo fundi anapotakiwa kuamua, si kukisia.

Je, wajua kipande cha zege la karatasi kilichokauka huelea majini? Hukatwa kwa msumeno wa mbao, hupigiliwa msumari, na sauti ya chumba cha jirani huimeza vizuri. Nguvu yake ya kubeba ni ndogo, karibu megapaskali 1. Likibanwa na uzito mkubwa kwa muda mrefu halipasuki, bali hubonyea taratibu.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe. Je, wajua kwamba ukuta wa matofali mawili yenye uwazi katikati, ulioanza kuonekana Uingereza katika karne ya 19, haukubuniwa kwa ajili ya joto? Ulibuniwa kwa ajili ya mvua. Tofali la nje linalowa, maji yanateremka kwa ndani ya tofali lile, yanakuta nafasi tupu na hayawezi kuvuka kwenda tofali la ndani, kisha yanatokea chini kwenye vitundu vilivyoachwa makusudi. Uwazi ule ni handaki la maji. Miaka mingi baadaye watu walipoanza kuujaza vizuia joto, baadhi ya nyumba zilizokuwa kavu kwa vizazi zilianza kutoa madoa ya unyevu kwenye kuta za sebuleni, hasa zile zinazopigwa na mvua ya upepo.

Kwa hiyo anayetaka kuweka karatasi humo amechagua kuweka kitu kinachopenda maji mahali palipotengwa kwa ajili ya maji. Inawezekana, ila kwa adabu.

Kwanza faida. Chukua ukuta wa matofali mawili, kila moja sentimita 10, na uwazi mtupu wa sentimita 5. Kwa hesabu ya kawaida ya uhandisi, kila mita ya mraba ya ukuta huo hupitisha wati 1.6 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Jaza uwazi ule zege la karatasi kavu lenye kipimo cha 0.06 na namba inashuka hadi 0.78. Nusu. Uwazi ukiwa sentimita 10 badala ya 5, inafika 0.47. Usiku wenye tofauti ya nyuzi 10, ukuta wa mita 10 za mraba uliokuwa ukipoteza wati 160 sasa unapoteza kama 78. Kwa nyumba inayopashwa moto kwa kuni au mkaa, hiyo ni tofauti inayoonekana ghalani kabla msimu wa baridi haujaisha.

Je, wajua kwa nini uji mbichi usimiminwe moja kwa moja kati ya kuta? Wengi hulifikiria hilo kwanza, kwa kuwa ni rahisi: unasaga, unamimina kutoka juu, kazi imekwisha. Sababu ya kwanza ni msukumo. Uji huu una uzito unaokaribiana na wa maji, na maji yenye kina cha mita 1 husukuma pembeni kwa nguvu ya tani 1 kwa kila mita ya mraba pale chini. Ukimimina kina cha mita 2 kwa mkupuo, tofali za mstari wa chini zinasukumwa na tani 2. Ukuta mwembamba uliojengwa wiki iliyopita hauwezi kustahimili, utafanya tumbo au kufunguka kabisa. Sababu ya pili ni maji yenyewe: katika kipimo kile tulichokitaja, karatasi kilo 27 zilikuja na maji lita 605. Saruji inakunywa sehemu ndogo. Yaliyobaki yote lazima yapite ndani ya matofali yako, na kwenye hali ya hewa ya unyevu yatachukua miezi, huku kuvu likistawi. Sababu ya tatu ni kusinyaa. Karatasi inapokauka hujivuta, na juu ya kila tabaka itabaki nafasi tupu usiyoiona, ambamo hewa itazunguka na kubeba joto kana kwamba hukuweka kitu.

Njia iliyo salama ni kufyatua vibao nje, kwenye fremu za mbao, unene wa sentimita 5, na kuvianika juani mpaka uzito wake usipungue tena. Si mpaka viguswe vionekane vikavu. Ngozi ya juu hukauka siku chache, moyo wa kibao hubaki na maji wiki kadhaa, na njia pekee ya uhakika ni mizani: pima leo, pima baada ya siku tatu, na namba ikigoma kushuka, kimekauka. Halafu kibao huegemezwa kwenye tofali la ndani, kikashikwa na vyuma vinavyofunga kuta mbili, na nyuma ya tofali la nje huachwa nafasi ya sentimita 3 hadi 5 iliyo wazi kabisa. Handaki la maji linabaki kuwa handaki. Vyuma viinamishwe kidogo kuelekea nje ili tone likitembea juu yake lirudi lilikotoka. Udongo wa saruji unaodondoka wakati wa kujenga uokotwe kila mistari michache, maana ukirundikana chini ya uwazi unakuwa daraja la unyevu kutoka tofali la nje kwenda kwenye karatasi. Na kibao cha kwanza kisiguse msingi. Kianzie juu ya nailoni ya kuzuia unyevu.

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki watasema, na watakuwa sahihi, kwamba nyumba zetu nyingi hazina ukuta wa mara mbili. Ni bloku moja ya inchi 5 au 6, lipu ndani, lipu nje. Je, wajua bloku zenye matundu zinaweza kujazwa chenga za zege hili, zilizovunjwa baada ya kukauka? Zinaweza, lakini usitarajie makubwa. Joto ni hodari wa kutafuta njia. Kati ya tundu na tundu kuna kuta za zege zito zinazounganisha uso wa nje na wa ndani, nalo litapita humo. Nguzo na lenta za zege zenye nondo hufanya vivyo hivyo. Kwa ukuta wa bloku moja ningeshauri vibao viwekwe upande wa ndani wa chumba na kupigwa lipu juu yake, ingawa chumba kitapungua kidogo.

Je, wajua kuna jambo moja linaloweza kulifanya zege lako ligome kushika? Sukari. Kiasi kidogo mno, hata sehemu 1 kwa 1,000 ya uzito wa saruji, kinachelewesha saruji kuganda. Ndiyo maana vumbi la mbao mbichi, lenye sukari za mti, husumbua kwenye zege, ilhali karatasi ambayo imepita kwenye maji ya kiwandani kwa kawaida haisumbui. Boksi lililolowa soda ni habari nyingine. Litupe.

Karatasi zenye utando wa plastiki nazo hazisagiki. Zile za magazeti ya rangi, zinazong'aa, zina udongo mweupe na unga wa chokaa uliopakwa juu, nazo zinafaa ila huongeza uzito. Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni karatasi ya mfuko wa saruji. Imetengenezwa kwa nyuzi ndefu za misonobari, urefu wa milimita 3 hivi, ilhali nyuzi za mkaratusi ni kama milimita 1. Nyuzi ndefu hushikana vizuri na huacha vijitundu visivyobomoka. Na mifuko hiyo ipo tayari pale pale mahali pa ujenzi, ikipeperushwa na upepo, tena na saruji kidogo ndani yake.

Je, wajua mchwa hawajali kama selulosi imo kwenye mti ulio hai, kwenye mlango au kwenye gazeti? Vyote ni mlo. Saruji nyingi huwachosha, lakini katika mchanganyiko mwepesi tunaousema hapa saruji si nyingi. Kinga iliyothibitika ni boraksi au asidi ya boriki, iyeyushwe kwenye maji ya kulowekea. Ni dawa ile ile inayowekwa kwenye karatasi iliyosagwa kavu, ambayo Marekani na Ulaya hupulizwa kwenye kuta na dari kama kizuia joto, na hufanya kazi tatu kwa pamoja: huwaua mchwa, huzuia kuvu, na hupunguza kasi ya moto. Ila boraksi huyeyuka majini. Ukuta ukivuja, dawa inaondoka na maji. Umeona tulikorudi.

Karatasi ile kavu ya kupulizwa, kwa haki, huzuia joto vizuri zaidi, kama 0.04. Povu la plastiki ni 0.035. Zege la karatasi linashindwa na yote mawili kwa namba. Linapoyazidi ni kwamba halishuki likaacha pengo juu, panya hawapati pamba ya kujitandikia, na linaweza kutengenezwa uani na mtu mwenye pipa na koleo.

Kuhusu moto, mtu akuoneshe kwanza kipande kilichochomwa kabla ya kukubali maneno. Mchanganyiko wenye saruji ya kutosha, ukiuelekezea mwali wa gesi, huwa mweusi usoni na hauwaki. Wenye saruji kidogo nao huenda usiwake, lakini unaweza kufukuta: cheche inaingia ndani na kutembea polepole kwa saa nyingi bila mwali, moshi ukitoka mahali pengine kabisa. Katikati ya kuta mbili za matofali hakuna hewa nyingi ya kuulisha moto huo, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo usipitishe bomba la moshi la jiko kando yake, na nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake.

Je, wajua kwamba karatasi iliyochanganywa na saruji huenda tayari iko juu ya kichwa chako? Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria alibuni mabamba ya saruji na asbesto yaliyoezekwa dunia nzima. Madhara ya asbesto kwenye mapafu yalipodhihirika, viwanda vilitafuta nyuzi mbadala, na zilizoshinda ni zile zile za massa ya karatasi. Mbao nyingi za saruji zinazouzwa leo kwa dari na kuta za nje zina nyuzi za selulosi. Tofauti ni kwamba zile zimebanwa kwa mashine mpaka zikawa nzito na ngumu, ilhali sisi tunataka kinyume chake.

Kuna mwingine aliyeiamini karatasi mahali pagumu. Wakimbizi wa Rwanda, katika miaka ya 1990, walikuwa wakiuza nguzo za alumini walizopewa na kukata miti mahali pake. Mbunifu Mjapani Shigeru Ban akapendekeza mabomba ya karatasi ngumu, kitu kisicho na bei sokoni. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa kwenye kambi ya Byumba, nchini Rwanda. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo.

Je, wajua kwa nini zege la karatasi lilishamiri Crestone na si Florida? Bonde la San Luis, ambamo Crestone imo, ni pakavu kiasi kwamba mji wa Alamosa hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Usiku wa Januari baridi ya bondeni humo hushuka hata chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi kali na ukavu: mahali hapo karatasi inapata kazi yake halisi na adui yake hayupo. Huko Marathon, Texas, kwenye jangwa la Chihuahua, kuna nyumba ya wageni yenye vyumba vya matao vya zege hilo, vilivyopakwa rangi kali, na wageni hulala humo.

Unyevu hauji kwa mvua peke yake. Mvuke hupenya ukutani, na kwa kawaida hutoka upande wa joto na unyevu kwenda upande wa baridi na ukavu. Colorado wakati wa baridi unatoka ndani kwenda nje. Maskati mwezi Julai, viyoyozi vikiwaka, unatoka nje kwenda ndani, na ukikutana na uso wa baridi hugeuka maji hapo hapo ukutani. Ghuba hutumia sana bloku zenye povu la plastiki katikati, na kwa hali ya hewa ile naona ni uamuzi wa busara kuliko karatasi.

Pwani yetu ina somo lake katika hili. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za mawe ya matumbawe na chokaa, zina unene wa nusu mita na zaidi. Unyevu huingia na kutoka. Zilipoanza kukarabatiwa kwa lipu ya saruji na rangi za mafuta, unyevu ulifungiwa ndani, lipu ikabanduka na mawe yakaanza kumomonyoka. Zege la karatasi lina tabia ya mawe yale: linataka kupumua. Lipake chokaa au udongo. Ukilipaka rangi ya plastiki pande zote mbili umelifungia maradhi yake. Na kwa hali ya pwani, sioni sababu ya kulitumia kabisa: nyumba ya Unguja au Mombasa inataka kivuli na upepo, si kuzuiwa joto ukutani.

Wapi basi? Njombe. Makete. Limuru. Mbeya mwezi wa saba. Nyumba za tofali za kuchoma kwenye nyanda za juu, ambako watoto wanalala na masweta na bado wanakohoa, ndizo ninazoziona mbele ya macho yangu ninapoandika haya. Msitu wa misonobari wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo vyote viko Mufindi, katikati ya baridi hiyo hiyo.

Lakini hata huko ningeanza na dari. Nyumba ya chini yenye bati tupu hupoteza joto kwa juu usiku na kulipokea kwa juu mchana, kwa sababu karibu na ikweta jua la adhuhuri husimama kichwani na kuta hulipata asubuhi na jioni tu. Vibao vya zege la karatasi, vyepesi, vikiwa juu ya dari chini ya bati lisilovuja, vitafanya kazi kubwa kuliko vibao hivyo hivyo ukutani. Kuta zifuate, ule unaopigwa na upepo wa kusi uwe wa kwanza.

Je, wajua karatasi haiwezi kuzaliwa upya milele? Kila inaposagwa nyuzi hukatika, na baada ya mizunguko mitano hadi saba hazishikani tena. Karatasi safi ya ofisini ina wanunuzi, inatakiwa kwa trei za mayai na karatasi za chooni, na kuizika ukutani ni kuinyima maisha mengine. Ichukuliwe ile iliyokwisha kuchoka, mifuko ya saruji, trei zilizovunjika, magazeti yaliyofungiwa vitumbua ambayo hayakunyonya mafuta.

Na jaribio moja, kwa anayetaka kuanza kabla ya kununua mfuko wa pili. Fyatua kibao kimoja, kikaushe mpaka mizani igome kushuka, andika uzito wake juu yake kwa kalamu. Kiweke juu ya kabati kwenye chumba chenye unyevu kuliko vyote nyumbani, kipindi chote cha masika. Masika yakiisha, kipime tena na ukinuse. Kikiwa kimeongezeka kidogo na hakina harufu, fyatua vingine. Kikiwa kizito na kinanuka uyoga, tafuta kwanza bati linalovuja.